Besi ya Taifa Kifuani mwa Mzee Kalumbu

Katika nchi moja ambayo sitaitaja, kwanza kwa heshima na pili kwa sababu nina watoto, watu waliacha kupiga makofi.

Hawakuacha kwa kupenda. Makofi yalichunguzwa na Serikali yakaonekana yana walakini. Kuna watu waliokuwa wanapiga taratibu mno, na mtu anayepiga makofi taratibu huwezi kujua kama anasifu au anakejeli. Wengine walikuwa wanaacha kabla ya wenzao. Mwalimu mmoja wa hisabati alikamatwa kwa kupiga kofi moja tu, akajitetea kuwa alikuwa anaua mbu, na mahakama ikaahirisha kesi mpaka mbu huyo apatikane. Basi Mlezi wa Taifa, ambaye ana umri mkubwa na hekima inayolingana na umri huo, akaagiza kwamba kuanzia hapo wananchi watamshangilia kwa besi.

Agizo lenyewe halikuwa gumu. Kila gari lifungwe sabufa, yaani spika ya besi. Siku ya hotuba magari yaingie Uwanja wa Shukrani kinyumenyume, yapangwe kulizunguka jukwaa, buti zifunguliwe zimwelekee Mlezi, na kila atakapomaliza sentensi taifa limjibu kwa mdundo mmoja mzito. Ndivyo tulivyokuwa watu tunaomheshimu kiongozi wetu kwa kumpa mgongo. Madereva hukaa wameshika usukani, pua za magari zikielekea langoni, na Mlezi huona buti tu. Wasio na gari wanaruhusiwa kuegemea la jirani.

Wapo wenye midomo wanaosema kwamba Mlezi aliipenda besi kwa sababu masikio yalishamwacha mkono zamani, na kwamba kinachomfikia siku hizi kinapitia kwenye nyayo. Mimi sijui. Ninachojua ni kuwa akipanda jukwaani huvua viatu, na magazeti yetu yote yameeleza kuwa huo ni unyenyekevu.

Kanuni nyingine zilikuwa mbili, nazo naomba uzishike kwa sababu bila hizo hutaelewa kilichotupata. Ya kwanza: hakuna gari linalotoka uwanjani mpaka Mlezi atikise kichwa kuonyesha ameridhika. Ya pili: ili kuwe na umoja, gari moja huteuliwa kuwa Gari la Mfano, na magari mengine yote hufanya lifanyavyo hilo. Kanuni hii iliandikwa kwa mapana, kama tulivyozoea. Haikusema magari yafuate sauti yake. Ilisema yafanye lifanyavyo.

*

Taabu ilianza pale ilipojulikana kuwa sabufa ziko za aina mbili.

Tulikuwa na za duara tu, tena tulidhani Mungu ndiye aliyeziumba hivyo. Ndipo shemeji yake Profesa Ndelo Magwangwala, kwa bahati tu, akaagiza kontena zima la sabufa za mraba. Na kwa bahati tu, wiki hiyohiyo Profesa Magwangwala akateuliwa kuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kitaifa ya Ulinganishi. Za duara nazo zilikuwa na shemeji yao, ambaye dada yake ameolewa na Mkuu wa Majeshi. Kwa hiyo suala hili lilikuwa la kitaalamu, na wataalamu wakaanza kutembea na walinzi.

Profesa alizungumza redioni asubuhi tatu mfululizo. Alieleza kwamba ukikata tundu la upana uleule kwenye boksi, spika ya mraba inalijaza mpaka kwenye kona, na kona hizo zinasukuma upepo ambao duara inauacha bure. Hapo, kwa kweli, alikuwa sawa. Waliokuwa upande wa duara wakajibu kwamba duara inasukumwa sawasawa pande zote, besi yake ni safi, haikwami, wala haichaniki konani. Nao walikuwa sawa. Nchi nyingine mambo yangeishia hapo, kila mtu akanunua anayoitaka. Lakini Profesa akarudi redioni kwa sauti nzito.

"Duara haina mwanzo wala mwisho," alisema. "Kitu kisicho na mwanzo wala mwisho hakina msimamo. Nauliza tu, sisemi zaidi: kinatumwa na nani?"

Baada ya hapo watu walianza kufunika sabufa zao kwa kanga.

Kamati ilijaribu kupima. Waliweka glasi za maji juu ya dashibodi ili waone maji yanavyotikisika, lakini jua lilikuwa kali na wajumbe wakayanywa. Walileta kipimo kutoka ng'ambo, kikasema sabufa zote mbili zinadhuru afya, kikarudishwa kilikotoka. Mwishowe wakaona wapime kwa kifua cha binadamu, kwa kuwa ndiko besi ilikokusudiwa kufika. Wakajitolea watumishi wa Serikali kadhaa, wenye afya njema. Kila mmoja alipoulizwa kifua chake kimeipenda ipi alijibu kwa kuuliza Kamati inapendelea ipi.

"Moyo mzima unajipendekeza," Profesa aliwaambia wajumbe wake. "Tunahitaji moyo mgonjwa. Moyo mgonjwa hauna nafasi ya kujipendekeza."

Nataka niseme wazi kwamba hadi hapa hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

*

Siku ya hotuba, Siwema Kalumbu alikuwa anaendesha gari la wagonjwa la wilaya kuelekea hospitali kuu. Siwema ni mwanamke mrefu, mkimya, dereva wa miaka mingi, na nyuma ya gari siku hiyo hakubeba mgonjwa wa mtu. Alimbeba baba yake. Mzee Kalumbu, fundi cherehani mstaafu, alikuwa na moyo uliochoka, na daktari wa wilaya alikuwa amemwandikia afike hospitali kuu kabla ya jua kuwa la utosini. Alionya pia asishtuliwe kwa lolote, hata habari njema.

Barabara ya kwenda hospitali inapita kando ya Uwanja wa Shukrani. Na agizo linasema gari lolote linalopita karibu siku ya hotuba linaingia.

Koplo Zabroni, mlinzi wa lango, alilisimamisha. Siwema akamweleza kuhusu mgonjwa. Koplo alisikitika kwelikweli, kwani yeye ni mtu mwema na mama yake pia ana moyo. Akamwambia dada aingie tu, apige besi kidogo, Mlezi atikise kichwa, atoke zake.

"Na asipotikisa?" Siwema aliuliza.

"Hutikisa," Koplo alisema. "Juzi ilifika saa kumi, lakini alitikisa."

Gari la wagonjwa nalo lilikuwa na sabufa yake, ya duara, iliyofungwa mahali ulipokuwa mtungi wa oksijeni. Mtungi ulipelekwa ghalani, ambako husemwa uko salama kabisa. Siwema aliingia kinyumenyume kama wengine, akafungua milango ya nyuma, na Profesa Magwangwala, aliyekuwa anapita kukagua buti, akamwona Mzee Kalumbu amelala kwenye machela.

Profesa alisimama. Akauliza anaumwa nini. Alipoambiwa ni moyo, machozi yalimlengalenga, na mimi niliyekuwa nimeegemea pikapu ya jirani niliyaona. Alikuwa ametafuta moyo huo mwezi mzima.

Basi mambo yakaenda haraka. Vijana wa Kamati wakaleta sabufa ya mraba, wakaifunga kwa skrubu upande wa kushoto wa machela. Ile ya duara ikabaki kulia. Katikati Mzee. Gari likasogezwa mbele ya jukwaa, na Profesa akatangaza kwa kipaza sauti kwamba gari hili sasa ndilo Gari la Mfano, heshima ambayo ukoo wa Kalumbu hautaisahau. Kisha akapanda nyuma mwenyewe, akaketi kando ya machela, akaweka kiganja juu ya kifua cha Mzee.

Siwema alishuka akamfuata. Alimwambia Mheshimiwa, baba yangu ameambiwa asishtuliwe.

"Hatashtuliwa, binti," Profesa alisema kwa upole. "Atashirikishwa."

Mzee Kalumbu akafumbua macho. Alimwangalia binti yake, akaiangalia sabufa ya kushoto, akaiangalia ya kulia, na kwa sauti ndogo akamwambia, "Mama, nirudishe nyumbani." Siwema akamshika mguu, akamwambia watafika tu, baba, atulie. Alirudi kwenye usukani. Naogopa kusema zaidi kuhusu uso wake, kwa sababu ilikuwa siku ya furaha.

*

Mlezi alivua viatu. Akasoma sentensi ya kwanza ya hotuba yake, iliyohusu maendeleo.

Ilianza ya duara. Siwema alibonyeza kitufe, na magari yote uwanjani yakabonyeza. Besi ilikuja kama gunia la mahindi linaloangushwa sakafuni. Milango ya gari ikatetemeka. Profesa, kiganja kifuani kwa Mzee, akatangaza kwa kipaza sauti: "Moyo umepokea. Unafuata kwa nidhamu."

Sentensi ya pili ilihusu adui. Hapo ikaja ya mraba, na lazima nikiri, Profesa hakudanganya kuhusu zile kona. Iligonga kwa nguvu zaidi. Kopo la dawa lilianguka kutoka kwenye rafu. Mzee Kalumbu akainua mkono kama anayetaka kushika kitu, akaushusha.

"Umeruka!" Profesa alitangaza. "Moyo umeruka! Hii ni shangwe."

Upande wa Mkuu wa Majeshi kukawa na manung'uniko. Mjumbe wao alidai kwamba kuruka si shangwe, ni utovu wa nidhamu, na kwamba moyo wa mwananchi unatakiwa ufuate, usiruke. Wakabishana pale mbele ya jukwaa, Mlezi amesimama peku akingoja. Ilipoonekana mabishano yatakuwa na damu, mtu wa itifaki akapendekeza suluhu ambayo nchi yetu inasifika nayo: sabufa zote mbili zipigwe kwa pamoja, sauti ya mwisho, bila kukata, mpaka Mlezi atikise kichwa. Moyo utaamua wenyewe.

Siwema alisikia hayo kupitia dirishani. Mkono wake ulikwenda kwenye honi, sijui alitaka kumwita nani, lakini ukateleza ukagusa waipa. Waipa za gari la wagonjwa zikaanza kufuta kioo kikavu, jua likiwaka.

Na uwanja mzima ukawasha waipa.

Hakuna aliyecheka. Magari yote, ya mawaziri, ya wafanyabiashara, lori la maji, gari la maiti, yote yakafuta vioo vikavu kwa umoja. Mwenye pikapu niliyoiegemea hakuwa na waipa, zilishaibiwa. Akatoa mkono nje ya dirisha akaupeleka huku na huku. Siwema aliyatazama kwenye kioo cha pembeni. Akazima waipa. Zote zikazima. Nilimwona amekaa, mikono miwili juu ya usukani, kama mtu aliyeokota kitu njiani asijue bado ni cha nani.

Kisha besi zote mbili zikaanza.

Sijui nieleze vipi. Meno yalikuwa yanagongana mdomoni bila ya mtu kutaka. Mwanamke mmoja alikaa chini, akashika tumbo. Mlezi alikuwa amesimama jukwaani amefumba macho, na kwa mbali ungedhani anasikiliza, lakini nyuso za walio karibu naye zilikuwa zimeanza kuingiwa na hofu, kwa sababu kichwa chake hakikutikisika. Kilikuwa kimetulia kifuani, na kilikuwa kinakoroma. Hakuna kanuni inayosema Mlezi anaweza kulala, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumwamsha.

Siwema aligeuka nyuma. Kati ya kiti chake na machela palikuwa na kidirisha kidogo. Uso wa baba yake ulikuwa wa rangi ya majivu, na midomo ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

"Mheshimiwa," alipaza sauti, "baba anakata pumzi."

"Hakati," Profesa alisema, hakuondoa kiganja. "Anaitikia."

Siwema akaangalia mbele. Akainama chini ya dashibodi, akachomoa fyuzi ya sabufa.

*

Ule ukimya sijawahi kuusikia tena. Gari la Mfano limezima, basi yote yamezima. Uwanja mzima, maelfu ya watu, na kitu pekee kilichosikika ni bendera.

Nyuma ya gari Profesa Magwangwala alibaki na kiganja kifuani kwa Mzee Kalumbu. Muda wote huo alikuwa anapima besi. Sasa besi hakuna, na chini ya mkono wake palikuwa na kitu kidogo kinachohangaika, kinagonga, kinaacha, kinagonga tena. Alishtuka akautoa mkono, kisha akaurudisha polepole. Alitaka kutangaza jambo, maana kipaza sauti kilikuwa mdomoni, lakini alichotangaza uwanja mzima ukakisikia kilikuwa "Ee Mungu wangu," na hilo halikuwemo kwenye ratiba.

Siwema akawasha injini. Magari yote yakawasha. Akakanyaga klachi, akaweka gia, na gari la wagonjwa likaanza kwenda kuelekea langoni, milango ya nyuma ikipigapiga. Nyuma yake, kulia kwake, kushoto kwake, buti wazi, magari yote yakamfuata. Si kwa ujasiri. Naomba tusiwasingizie watu. Waziri wa Fedha aliniambia baadaye kwamba alikuwa anatetemeka kwa woga, lakini aliogopa zaidi kuwa gari pekee lililobaki.

Lango lilikuwa limefungwa. Koplo Zabroni alisimama mbele yake, bunduki mkononi, akaona gari la wagonjwa likija na nchi nzima nyuma yake. Siwema alisimama. Pua ya gari ilikuwa karibu kumgusa Koplo tumboni.

"Fungua, kaka," Siwema alisema.

"Hajatikisa," Koplo alisema. Jasho lilikuwa linamchuruzika. "Dada, unajua mwenyewe. Hajatikisa."

"Mzee anakufa."

"Najua. Hajatikisa."

Siwema akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama, labda kwa hasira, labda kwa kulia, mimi sikuwa karibu. Injini ikanguruma. Na injini zote za uwanja ule, za malori, za mabasi ya wabunge, za lile gari la maiti, zikanguruma pamoja papo hapo. Ardhi ikaanza kutetemeka. Si kwa kugonga kama sabufa, bali mfululizo, kutoka chini kabisa. Tetemeko hilo nililisikia kwenye magoti. Lilitambaa uwanjani, likafika kwenye nguzo za jukwaa, likapanda kwenye mbao, likaingia kwenye nyayo za mzee aliyesimama peku amelala.

Mlezi wa Taifa akafumbua macho. Aliangalia uwanja, na kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi hakuona buti zikimkaribia bali zikimwondokea. Sijui kama alielewa. Alitabasamu tabasamu pana la mtoto aliyepewa sukari. Kisha akatikisa kichwa, tena akatikisa, tena akatikisa.

Koplo Zabroni alifungua lango kwa mikono miwili, na bunduki akaiacha chini.

*

Mzee Kalumbu yuko hai. Nalisema mapema ili usiendelee kukunja uso. Gari lilifika hospitali, na aliyeshika machela upande wa kichwani, suti imemlowa, alikuwa Profesa Magwangwala, ambaye njia nzima hakuutoa mkono kifuani. Magari mengine nayo yaliingia hospitalini, yote, kwa kuwa Gari la Mfano liliingia. Walijaa mpaka kwenye bustani. Baada ya hapo Siwema alishuka akaenda kukaa na baba yake, na kwa kuwa hakuna kanuni inayosema gari lisilo na dereva linafanya nini, watu wakatawanyika kwenda kwao.

Jioni Mlezi alizungumza kwenye televisheni. Alisema amesikia besi nyingi maishani mwake lakini ile ya mwisho haikuwa na mfano. Alitaka ajulishwe ilikuwa ya mraba au ya duara, na alitaka irudiwe Ijumaa.

Kamati ilikaa siku nzima ikitoka jasho. Shemeji wa mraba alikuwa mlangoni, na shemeji wa duara alikuwa mlangoni akiwa na askari. Kila mjumbe alijua kwamba wakati ule hakuna sabufa iliyokuwa inalia, na hakuna aliyethubutu kumwambia Mlezi kwamba alichokipenda ni kishindo cha watu wake wakiondoka. Mwishowe Profesa akasimama. Wanasema alikuwa anakitazama kiganja chake.

"Ilikuwa ya duara," alisema. "Kila gari lilikuwa nazo nne, chini. Hazilii mpaka gari liondoke."

Ikaandikwa hivyo, ikapelekwa, ikapokelewa kwa furaha. Shemeji wa mraba anauza kontena lake kama meza za kahawa. Profesa amejiuzulu kwa sababu za kiafya, na anaonekana asubuhi pale wodini, akimletea Mzee Kalumbu uji.

Ijumaa ni kesho. Safari hii hakuna aliyelazimishwa, na hilo linatupa fahari sana. Watu wamejiandikisha wenyewe mpaka karatasi zimeisha. Siwema ameombwa tena aongoze kama Gari la Mfano naye amekubali, ila amesema baba yake atakaa mbele. Koplo Zabroni ameomba ruhusa ya kumleta mama yake. Mtaani kwetu naona magodoro yanafungwa juu ya magari, na sufuria, na vyerehani, na nilipomuuliza mwenye pikapu vinahusiana nini na besi akasema vinaongeza uzito kwenye mdundo.

Mlezi ametuma ujumbe kwamba mara ile ilikuwa fupi mno kwake. Angependa tuanze taratibu pale jukwaani, tutoke langoni, tuendelee, na idumu kadiri tunavyoweza. Tumemwahidi. Mimi mwenyewe nimejaza tangi leo asubuhi, na watoto nimeshawavika viatu.